Kompyuta ya Mama na Nakshi ya Oddny

Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema watu. Mimi nasema cha kale kinyemi ingawa kinakoroma. Anayebisha aje jikoni kwetu Tynset, huku kaskazini kwenye theluji, asikilize.

Kinachokoroma ni kompyuta ya mezani ya mama. Ilifika nyumbani nikiwa bado sijaanza shule. Baba yangu, Torleiv, aliitoa garini akaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Mama yangu, Gunnvor, alitangulia akimfungulia milango. Kasha lake lilikuwa na rangi ya maziwa. Skrini ilikuwa na kisogo kirefu, ikameza nusu ya meza ya pembeni. Kibodi yake ilitaka kupigwa kwa nguvu, na kila herufi ilijibu kwa mlio. Kipanya kilikuwa na gololi tumboni. Gololi ikishika uchafu, mshale kwenye skrini uligoma, na kaka yangu Håvard alikipindua kipanya na kukikwangua kwa ukucha.

Ukiiwasha, feni ilivuma, kisha kitu ndani kikakwaruza. Ungeweza kuchemsha kahawa na kunywa nusu kikombe kabla haijawa tayari. Hakuna aliyelalamika. Kahawa tungekunywa hata hivyo.

Håvard alichezea michezo ya magari. Baba aliandikia barua za chama cha wawindaji. Lakini mwenyewe hasa alikuwa mama. Mama ni mfumaji. Anafuma sweta na glavu za sufu, nyeusi kwa nyeupe, na nakshi huzichora mwenyewe. Nakshi ya glavu huchorwa mraba kwa mraba. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja cha uzi. Zamani mama alitumia karatasi ya miraba na kifutio, na kifutio kilitoboa karatasi. Kwenye kompyuta alikuwa na programu ya nakshi. Alibofya, mraba ukawa mweusi. Alibofya tena, ukarudi mweupe. Hakuna kilichotoboka.

Mdogo wake, mama mdogo Oddny, alikuja karibu kila Jumapili. Aliketi ubavuni kwa mama akila mikate bapa yenye jamu na kutoa makosa. Oddny alikuwa mtu wa kubisha. Mama akichora nyota, yeye alisema nyota zimewachosha hata kondoo. Mama akamwambia basi achore yeye. Akachora.

Katika baridi yake ya mwisho, vidole vya Oddny vilikuwa vimekataa sindano. Kipanya bado viliweza. Ndipo yeye na mama wakachora nakshi ambayo hakuna glavu iliyowahi kuwa nayo: majani na beri za manjano za kinamasi, zile ambazo kila familia kwetu huficha mahali zinapoota. Walibishana wiki nyingi juu ya jani moja. Kisha Oddny akafariki, nakshi ikiwa haijafumwa. Mama akaifunga programu. Hakuifungua tena.

Miaka ikapita. Mama akapata kompyuta ya mapajani, nyepesi kama sahani. Ile ya zamani haikutupwa. Kwetu kitu cha zamani hakitupwi, kinastaafu. Kinapelekwa kwenye kibanda cha milimani. Huko ndiko lilikoenda sofa la bibi. Huko ndiko zilikoenda sufuria zisizo na vifuniko. Na kompyuta ya mama nayo ikapanda mlima, ikapewa kona karibu na dirisha. Kibanda chetu kina jiko la kuni, lakini jiko huwaka tukiwapo. Tukiondoka, baridi inahamia ndani na kulala kwenye vitanda vyetu.

Mwaka jana, theluji ikiwa bado nene, Gyda alikuja kututangazia ndoa yake. Gyda ni binti wa Oddny, kwa hiyo kwangu ni dada. Alisema ataufuata ule mtindo wa kale wa huku kwetu, wa bibi arusi kuwapa wageni wake glavu. Si wageni wote, alisema, ila wale wa karibu. Na alitaka glavu hizo ziwe na nakshi ya mama yake.

Mama aliweka kikombe chini.

"Imo kwenye kompyuta ya zamani," alisema. "Nyingine haipo."

Gyda alimuuliza kama hakuwahi kuinakili. Mama alishangaa kweli. Alijibu kwamba enzi hizo nakshi ilikuwa pale pale mezani, kila siku, mbele ya macho yake. Nani ananakili kitu anachokiona?

Basi Jumamosi baba na Håvard walipanda mlimani kwa skii, zile mbao za kutelezea theluji. Baridi ilikuwa ile ya kukausha pua. Waliifunga kompyuta kwa blanketi, wakailaza kwenye sleji ya kubebea kuni, wakaivuta hadi nyumbani. Gyda alikuwa anawasubiri nasi jikoni. Waliingia na barafu kwenye ndevu. Håvard alikuwa na haraka hata akasahau kuvua viatu, na katika nyumba ya mama hilo ni kosa ambalo watu hufukuziwa nje. Siku hiyo mama hakuviona.

Baba aliliweka kasha karibu na jiko lipate joto. Håvard alichomeka waya, akabonyeza.

Feni ilivuma. Skrini ikameta, herufi chache zikatokea. Kisha tukasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Herufi zikazimika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatufikia puani.

Håvard alibonyeza tena. Hakuna kitu. Alisema mashine imezubaa tu, inahitaji kusukumwa kidogo, kama gari asubuhi ya baridi. Kidole kilipokwenda mara nyingine, nilichomoa waya ukutani. Nikauchomoa na kwenye kasha. Nikauzungushia kiganjani.

"Lete waya, Sunniva," alisema.

"Sileti."

"Umesomea umeme lini wewe?"

"Sijasomea. Na wewe je?"

Gyda alikuwa anakitazama kioo cheusi. Nilitoka na waya mfukoni, nikavuka barabara kwenda kwa Bi Bodil.

Bi Bodil ni jirani yetu. Kila Jumamosi asubuhi huwa maktabani kwenye meza ya matengenezo, ambako watu huleta taa, redio na mashine za kahawa zilizogoma. Nilimsimulia. Aliniuliza ilikuwa imehifadhiwa wapi, nikamwambia. Aliniuliza ilikaa ndani muda gani kabla ya kuwashwa. Nikamwambia muda wa mtu kuvua koti. Alivaa viatu, tukatoka.

Alipoingia jikoni kwetu, miwani yake ilishika ukungu, ikawa nyeupe yote. Hakuifuta. Alisimama mbele ya Håvard na ile miwani nyeupe.

"Unaona nini?" alimuuliza.

"Nakuona wewe na miwani yako."

"Mimi sikuoni hata pua. Haya maji yametoka wapi? Mbona mvua hainyeshi humu?"

Gyda ndiye aliyejibu kwamba yametoka hewani.

"Hewani, ndiyo. Jikoni mna mvuke wa sufuria, mvuke wa kahawa na pumzi zetu wote. Mvuke ukigusa kitu cha baridi, unageuka maji. Miwani yangu imevuka barabara tu. Hilo kasha limelala kwenye baridi majira mazima. Kila kipande ndani yake kimeshika ukungu kama huu, na ninyi mmeupitishia umeme."

Baba alijikuna shingo. Akakiri kwamba ni yeye aliyeliweka karibu na jiko. Bi Bodil alimwambia jiko halisaidii. Linapasha ngozi joto, tumbo linabaki baridi, na maji yanazidi kuingia. Alituambia tulirudishe blanketini, tulipeleke kwenye ukumbi wa mlangoni ambako hakuna joto kali. Kesho jioni tulisogeze ndani, mbali na jiko. Likae bila umeme hadi keshokutwa, hadi kila skrubu ndani yake iwe na joto la chumba na maji yote yamekauka yenyewe. Alisema ingekuwa bora zaidi kama baba angelifunga kwenye mfuko mkubwa wa plastiki huko huko mlimani, bado likiwa kwenye baridi, na kuuziba vizuri. Hapo maji yangetua kwenye mfuko, si kwenye mashine. Håvard aliuliza kuhusu kifaa cha kukaushia nywele. Bi Bodil alimjibu kwamba hicho ni cha nywele.

Mama ndiye aliyeuliza lile tulilokuwa tunalikwepa.

"Nakshi ya Oddny imeungua?"

Bi Bodil alivua miwani. Hakumdanganya.

"Sijui, Gunnvor. Kilichovunjika nadhani ni kile kisanduku cha umeme. Nakshi haikai humo, inakaa kwenye diski. Lakini diski nayo imetoka kwenye baridi ile ile, na ni nzee. Ikiwashwa tena kabla ya wakati, sitakuwa na la kukwambia."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alilifunika kasha mwenyewe, akakunja pembe za blanketi ndani kama anayemfunika mtoto.

Sasa mimi namjua kaka yangu. Ana moyo mzuri na kidole kibaya. Jumapili nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo asubuhi niliuweka ule waya kwenye begi langu. Nikakumbuka kwamba waya wa printa unaingia kwenye tundu lile lile. Nikauchukua pia.

Alinipigia simu nikiwa namlisha uji mzee mmoja. Alikuwa ameshapekua droo zote. Alisema kasha limeshapoa, au limeshapata joto, vyovyote ninavyotaka kuita, na kwamba Gyda analia. Alisema tangu lini nyumba ya wazazi wetu ina polisi wa waya. Nilimwambia kidole chake kina mbio kuliko kichwa chake. Nilisema kwa sauti ya kutosha. Meza nzima ya wazee ilisikia, na upande wa pili alisikia Tiril, mchumba wake, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Håvard akakata simu.

Niliporudi nilimkuta mama kwenye ukumbi wa mlangoni. Alikuwa amevaa koti na kofia, ameketi kwenye benchi la viatu kando ya kasha, anafuma. Nilimuuliza kwa nini hakai ndani kwenye joto. Alisema haionekani vizuri kumwacha peke yake. Hakusema kumwacha nani. Nilivaa koti langu tena, nikaketi naye.

Siku ilipofika, Bi Bodil alikuja na bisibisi, brashi laini na pampu ndogo ya mkono. Kwanza aligusa chuma kitupu cha kasha, akatutaka nasi tuguse. Alisema mwili uliovaa sufu hubeba umeme mdogo, usiouma mtu lakini unaoweza kuua kipande cha kompyuta. Kisha akafungua ubavu.

Tulitarajia vumbi. Tulikuta kondoo. Sufu nyeupe, sufu ya kijivu, na nyuzi nyekundu za kofia aliyovaa Håvard akiwa shule ya msingi. Feni ilikuwa imevaa sweta. Mama aliona aibu, akaanza kuomba msamaha. Bi Bodil alimkatiza. Alisema mashine inavuta hewa ya nyumba inamoishi, na iliyoishi kwa mfumaji itavuta sufu. Lakini sufu inaziba njia ya hewa, joto linabaki ndani, na joto ndilo linalozeesha kompyuta. Alituonyesha jinsi ya kuizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, kisha kupiga brashi taratibu na kupuliza kwa pampu. Baba alikusanya sufu yote kwenye bakuli. Ilijaa.

Kisanduku cha umeme kilikuwa kimeungua kweli. Bi Bodil alikinusa, akakitoa kizima. Håvard alitaka kukifungua aone. Alikatazwa. Kisanduku hicho huweza kubaki na umeme ndani hata waya ukiwa umechomolewa, na umeme huo unaua. Hakifunguliwi nyumbani, kinabadilishwa tu. Bi Bodil alikuja na kingine, alichokitoa kwenye kompyuta iliyoletwa maktabani ikiwa imevunjika mahali pengine. Akabadilisha pia betri ndogo ya duara, inayofanana na kitufe cha koti. Alieleza kwamba betri hiyo ndiyo inayoikumbusha kompyuta saa na tarehe ikiwa imelala. Ikifa, mashine inaamka haijui ni mwaka gani. Baba alisema hali hiyo anaijua.

Nilitoa waya begini. Håvard aliupokea bila kunitazama, akauchomeka. Bi Bodil alisema mama ndiye abonyeze.

Mama alibonyeza.

Feni ilivuma. Kitu ndani kikakwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Tulisimama kama watu kanisani. Kisha ile sauti ya zamani ikaja, nzito, ya kupanda na kushuka, na skrini ikafunguka rangi ya bluu. Ilikuwa inakoroma. Gyda alinishika mkono hadi ukaniuma.

Faili lilikuwapo, na lilikuwa na jina la Oddny. Mama alipeleka mshale pale alifungue. Bi Bodil aliushika mkono wake.

"Kwanza nakili, kisha lia," alisema. "Nimeona watu wakifungua picha za marehemu, wakazitazama kwa furaha, na diski ikafia pale pale wanapotazama. Diski nzee haikuahidi kesho."

Kwa hiyo tulichomeka flashi, tukanakili. Kazi ilikwenda polepole, na hakuna aliyeketi. Nakala moja ikaingia kwenye kompyuta ya mapajani ya mama. Nyingine Gyda aliondoka nayo kwenda kwake, maana nakala mbili zikikaa nyumba moja, moto mmoja unazitosha. Kisha Bi Bodil akasema bado. Programu ile ya nakshi haitengenezwi tena, na kompyuta mpya haziijui. Faili bila programu ni kufuli bila ufunguo. Tukaihifadhi nakshi pia kama picha ya kawaida, ambayo hata simu inaifungua. Baba alitaka kuiunga kompyuta na intaneti aitume papo hapo kwa ndugu wa Trondheim. Bi Bodil alikataa. Alisema kompyuta ya umri ule haipati tena kinga mpya kutoka kwa waliotengeneza mfumo wake. Kuiunga na intaneti ni kulala mlango wazi. Ibaki inachora tu, hiyo ndiyo kazi iliyoipenda.

Ndipo mama alipoifungua. Majani yalikuwapo. Beri zilikuwapo. Lile jani la ugomvi lilikuwapo, jinsi Oddny alivyolitaka. Lakini mahali pa dole gumba palikuwa peupe. Hawakufika huko.

Mama alisema hawezi. Alisogeza kipanya upande wa Gyda. Gyda hajui sana kufuma, lakini alianza kubofya, na polepole dole gumba likaanza kupata mistari. Mama alivumilia kidogo. Kisha akasema mistari ile inamfanya mtu aonekane mfungwa. Gyda akamjibu kwamba bora mfungwa kuliko bustani nzima kwenye kidole. Wakaanza kubishana. Mama alikuwa anabisha huku akijifuta macho, na aliendelea kubisha hadi viazi vikaungua.

Kompyuta haikurudi mlimani. Iko mezani pake pa zamani. Mama anaisafisha kwa brashi kila majira yakibadilika, waya ukiwa umechomolewa. Radi ikipiga anauchomoa pia. Kila nakshi mpya anaipeleka kwenye flashi siku hiyo hiyo. Bi Bodil alituambia iko siku itakufa kabisa, na siku hiyo tusiiweke kwenye pipa la taka za kawaida, kwa kuwa ndani yake mna sumu na mna chuma cha thamani. Tutoe diski, kasha tulipeleke mahali panapopokelewa vifaa vya umeme. Mama alisema hiyo siku ataisikia ikifika. Kwa sasa inakoroma.

Harusi ilikuwa mwezi wa sita. Jua lilikuwa kali, na kwenye meza ya juu kila mtu alikuwa amevaa glavu za sufu zenye beri za kinamasi na dole gumba la mistari. Tulitoka jasho. Hakuna aliyezivua. Shemeji mpya alijaribu kula samaki akiwa nazo.

Kwetu harusi bila hotuba si harusi. Håvard alisimama, akagonga glasi. Alizungumza vizuri kuhusu Oddny, na watu wakajifuta macho kwa sufu. Kisha akaeleza jinsi kompyuta ilivyovutwa kwa sleji, akakiri kidole chake, watu wakacheka. Halafu akanigeukia. Alisema yeye ameshaomba radhi kwa mama, kwa Gyda na kwa Bi Bodil. Lakini yuko mtu mmoja hapa aliyeiba nyaya mbili, akamtukana mbele ya mchumba wake na mbele ya wazee wa watu wanaokula uji, na hadi leo hajasema pole. Leo ni siku nzuri, alisema. Watu wakapiga meza kwa glavu zao. Baba alininong'oneza niseme tu, ni sherehe. Tiril alikuwa anatabasamu. Hata mama alinitazama kwa jicho la kuomba.

Nilisimama. Nawapenda wote waliokuwa kwenye meza ile, na kaka yangu nampenda kupita wengi wao.

"Håvard," nilisema, "nyaya nilizichukua. Maneno niliyasema. Siombi radhi."

Nikaketi, nikaendelea kula.